Timu ya Ukumbini Huishi kwa Mkataba wa Pango

Wapenzi wa Ligi Kuu ya Uingereza wanamfahamu Bill Foley kama tajiri wa Kimarekani aliyeinunua Bournemouth Desemba 2022. Miezi minne kabla ya ununuzi huo, timu yake nyingine isiyojulikana sana huku kwetu, Vegas Knight Hawks, ilikuwa imemaliza msimu wake wa kwanza katika Indoor Football League, ligi ya mpira wa Kimarekani unaochezwa ndani ya ukumbi. Agosti 13 mwaka huo fainali ilipigwa mjini Henderson, jimbo la Nevada, katika ukumbi huohuo wa Knight Hawks, lakini wenyeji hawakuwamo. Northern Arizona Wranglers waliwashinda Quad City Steamwheelers na kuondoka na kombe. Shabiki angesema msimu ule uliharibika. Mhasibu angeuliza kwanza nani aliuza tiketi, nani aliuza bia na nani alikusanya pesa za maegesho usiku ule, na akishajibiwa angeuona msimu huo kwa jicho tofauti kabisa. Hoja yangu ni kwamba mhasibu yuko karibu zaidi na ukweli, kwa sababu katika biashara hii timu ni mpangaji, na uhai wake huamuliwa na masharti ya upangaji kuliko matokeo ya uwanjani.

Hata asili ya mchezo wenyewe inaonyesha hivyo. Mwaka 1981 Jim Foster alikuwa New York akitazama soka la ndani, akachora juu ya bahasha jinsi mpira wa Kimarekani ungeweza kuchezwa pale. Ligi yake, Arena Football League, ilianza 1987 ikiwa na timu nne tu: Chicago, Denver, Pittsburgh na Washington. Uwanja wake una yadi 50, nusu ya ule wa kawaida, na wachezaji ni wanane kila upande badala ya 11. Vipimo hivyo havikutokana na falsafa yoyote ya michezo. Ukiongeza maeneo ya kufungia bao ya pande zote mbili, unapata takriban mita 60 kwa 26, yaani sakafu ya mpira wa magongo wa barafuni. Zulia la nyasi bandia hutandikwa pale pale, na kuta zinazozunguka barafu huvikwa magodoro ili mchezaji akibamizwa asivunjike. Msimu nao huangukia majira ya kuchipua na kiangazi, wakati magongo na mpira wa kikapu vinapoelekea ukingoni na mwenye ukumbi anaanza kuhesabu usiku usio na mteja.

Hesabu ya Henderson inatosha kueleza ugumu wa kazi hii. Ukumbi unachukua watu wapatao 6,000, na msimu wa 2022 ulikuwa na mechi 16 kwa kila timu, nane za nyumbani. Ukiujaza kila mara, bila kiti hata kimoja kubaki wazi, utauza tiketi 48,000 kwa mwaka mzima. Jirani tu, uwanja wa Allegiant wa Las Vegas Raiders unachukua watu 65,000 kwa mechi moja. Kutokana na hizo tiketi 48,000, ambazo ni dari na si wastani, zitoke posho za wachezaji, mishahara ya makocha, usafiri, malazi, zulia, michango ya ligi na bima ya wachezaji wanaoumia kazini, ambayo katika mchezo wa kugongana namna hii haiwezi kuwa rahisi. Timu inayopanga kwa mtu hulipa pango juu ya hayo yote, na mara nyingi faida ya vinywaji na maegesho hubaki kwa mwenye nyumba. Kundi la Foley linauendesha ukumbi lenyewe, na gharama ya kuujenga liligawana na jiji. Kwao pango ni pesa inayotoka mfuko mmoja kuingia mwingine, na timu ikipata hasara ndogo mlangoni bado inaweza kuwa imeleta faida upande wa pili wa daftari.

Watakaopinga watasema mchezo wa kulipwa siku hizi huishi kwa televisheni. Arena Football League iliijaribu njia hiyo: mwaka 2003 iliingia kituo cha NBC. Lakini kituo hakikulipa haki za matangazo kabla, bali kiligawana na ligi mapato ya biashara. Umaarufu uliongezeka, mwanamuziki Jon Bon Jovi akawa mmoja wa wamiliki wa timu mpya ya Philadelphia mwaka 2004, na gharama zikapanda pamoja na majina. Desemba 2008 ligi ikafuta msimu wa 2009, na haikurudi hadi 2010. Runinga iliiletea ligi hadhi, haikulipa bili.

Pingamizi zito zaidi ni Albany, New York. Albany Empire ilianza 2018 katika Arena Football League hiyohiyo, ikapendwa mara moja na mji, na mwaka uliofuata ikatwaa ubingwa nyumbani. Novemba 2019 ligi nzima ilifungwa na kuomba kufilisiwa. Hapa mtu anaweza kusema kwamba kilichoiua timu ni ligi, wala si ukumbi, na kwa hilo hakosei: msimu wa kwanza mzuri hauna kinga dhidi ya ligi mbovu. Lakini tazama kilichofuata. Jina la Empire lilifufuliwa 2021 katika ligi nyingine, likatwaa ubingwa, kisha Juni 2023 timu ikafukuzwa kwa kutolipa michango yake. Mwaka 2024 ikaja timu nyingine, Firebirds, katika ukumbi uleule. Wapangaji watatu katika miaka isiyozidi saba, na mwenye nyumba ni yuleyule. Kama kuna mtu aliyebaki na biashara Albany, ni yeye.

Mji wa Green Bay ndio unaonisumbua, sikatai. Timu yake, Blizzard, ilianza 2003 katika ligi ndogo ya af2, ligi hiyo ikafa, timu ikahamia Indoor Football League mwaka 2010 na bado ipo. Ila tarehe zake zinasema jambo: ukumbi wa Resch Center ulifunguliwa 2002, mwaka mmoja kabla, ukiwa na kalenda ya kujaza katika mji mdogo wenye wazimu wa mpira huu. Mpangaji na mwenye nyumba walihitajiana tangu mwanzo.

Agosti 2025 Knight Hawks walitwaa ubingwa wao wa kwanza, kwa kuishinda Green Bay hiyohiyo. Walikuwa wamepewa misimu minne ya kujifunza. Kwa hiyo mwekezaji anayeletewa andiko la timu mpya ya ukumbini asidanganywe na picha za majukwaa yaliyojaa siku ya ufunguzi. Aombe kwanza mkataba wa pango, kisha hati ya bima, kisha vitabu vya ligi. Kimoja kikikosekana, asitie sahihi.