Fahamu: Je, aliyewahi kuugua akili anaweza kuwa ofisa ustawi wa jamii?

Anaweza. Nchini England, kazi hii husimamiwa na Social Work England tangu Desemba 2019. Kuwa na sonona peke yake hakumzuii mtu kusajiliwa. Kinachopimwa ni kama anaweza kuwahudumia watu kwa usalama. Anayeficha hali inayoathiri utendaji wake ndiye anayejiweka pabaya.

Mwajiri naye anabanwa na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Ugonjwa wa akili unaoathiri sana maisha ya kila siku, kwa miezi 12 au zaidi, huhesabiwa kuwa ulemavu. Mfanyakazi hapo anastahili nafuu ya kuridhisha, kama vile kubadilishiwa saa au kupunguziwa kesi.

Kuna faida gani? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti: aliyepitia ugonjwa anaelewa aibu na woga wa mteja. Kwa msingi huohuo, mradi wa UPSIDES uliwafunza waliougua kuwasaidia wagonjwa wenzao katika miji kadhaa, Kampala na Dar es Salaam ikiwamo. Hata hivyo, uzoefu hautoshi bila mafunzo na msimamizi wa karibu.