Bustani ya Michuki yapendeza, lakini mkulima wa chini bado angoja maji safi

MFANYABIASHARA anayetoka Ngara akiteremka kuelekea mzunguko wa Globe jijini Nairobi hupita mahali penye kivuli asipokitarajia. Kuna miti, mianzi, viti na vijia vya kutembelea, na katikati unapita Mto Nairobi. Hapo ndipo Bustani ya Ukumbusho ya John Michuki, inayoenea kutoka Globe hadi Museum Hill.

Wanaolijua jiji hili kwa miaka mingi hawahitaji kusimuliwa palivyokuwa. Taka zilimwagwa hadi majini, nao mafundi wa jua kali walitengeneza magari ukingoni, oili chafu ikiishia mtoni.

Marehemu Michuki, yule yule aliyewafunga mikanda abiria wa matatu mwaka wa 2004, alikabidhiwa Wizara ya Mazingira mwaka wa 2008. Mafundi wakafurushwa, taka zikazolewa, miti ikapandwa. Alifariki Februari 2012, na bustani ikaja kupewa jina lake.

Ni haki kusema kwamba usafi huo ulikuwa na gharama, na waliolipa ni wafanyabiashara wadogo. Fundi huweza kubeba spana zake akahamia kwingine, lakini wateja wake habebi.

Hata hivyo, uangalizi ulilegea na uchafu ukarejea. Ilibidi bustani ikarabatiwe upya mwaka wa 2020, wakati jiji lilipokuwa chini ya Idara ya Huduma za Nairobi, NMS. Mkulima ataelewa upesi: ukingo wa mto ni kama shamba, ukikosa palizi msimu mmoja magugu hayakungoji.

Leo mtu anaweza kuketi pale akapumzika baada ya kununua bidhaa zake mjini. Lakini akisogea karibu na maji, pua itamwambia kwamba kazi haijaisha.

Mto huu huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, kaunti ya Kiambu. Kabla ya kufika bustanini huwa umeshapokea uchafu wa aina aina. Ukiondoka hapo hupita karibu na jaa la Dandora na kukutana na mito ya Mathare na Ngong, kisha ukaingia Mto Athi. Maji hayo huporomoka Fourteen Falls karibu na Thika, na mwishowe huingia Bahari Hindi karibu na Malindi, mto ukiitwa Sabaki.

Njiani humo kuna mashamba ya sukuma wiki, spinachi na nduma yanayonyunyiziwa maji hayo, na mengine majitaka yenyewe. Kuchemsha mboga huua viini vya maradhi, lakini madini kama risasi hayaondoki kwa moto wala kwa kuosha. Mama mboga sokoni hana namna ya kuyatambua kwa macho, na mteja akishaingiwa na shaka huacha hata mboga zilizokuzwa kwa maji safi. Kwa hivyo mkulima mwaminifu naye huumia.

Ndiyo sababu bustani pekee haitoshi. Inashikilia udongo na kuzuia taka kumwagwa pale ilipo, ila haiwezi kufunga bomba la majitaka lililo kilomita kadhaa juu yake. Mradi wa kufufua mito ya Nairobi uliozinduliwa Machi 2025 unajumuisha ujenzi wa mabomba ya majitaka, na hapo ndipo macho ya wakulima wa chini yanapaswa kuelekezwa kuliko kwenye viti na maua.

Mkulima naye ana sehemu yake. Mwaka wa 2009 Michuki aliagiza mikalitusi iliyo karibu na mito na chemchemi ing'olewe kwa kuwa hunyonya maji mengi. Agizo hilo liliwachoma wengi, maana nguzo za mkalitusi zina soko. Mianzi, kama iliyo bustanini, hushika ukingo vizuri.

Isitoshe, kanuni za ubora wa maji za mwaka wa 2006 zilikataza kulima kando ya mto kwa umbali usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30. Kipimo hicho kilianzia pale maji yalipowahi kufika wakati wa mafuriko makubwa zaidi, si pale yanapoonekana wakati wa kiangazi.