Mboji na mbolea ya dukani: Ndoa ya kunenepesha maharagwe Makindu

Na MWANDISHI WETU

MSAFIRI aendaye Mombasa kutoka Nairobi huikumbuka Makindu kwa hekalu la Masingasinga, ambako mpita njia hupewa chakula bila kulipa. Ni wachache wanaogeuza shingo kuyatazama mashamba yaliyo nyuma ya mji, ambako akina mama huhangaika kila msimu kutafuta cha kutia chunguni. Na kama ajuavyo kila Mkamba, muthokoi bila maharagwe ni mahindi matupu.

Udongo wa huku ni mwekundu na mwepesi, una chakula kidogo na maji hayakai. Mvua ya masika haitabiriki, hivyo tegemeo kubwa ni vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ukaendelea hadi mapema 2023 uliwaachia wengi maghala matupu.

Hapo ndipo ubishi huzuka nyumbani. Baba ataka mbolea ya dukani, mama ashikilia samadi ya mbuzi. Ukweli ni kwamba wote wawili wana haki.

Kila moja na kazi yake

Mboji hushika maji mithili ya sifongo na kulisha mmea polepole. Katika nchi kavu, kushika maji huko pekee ni nusu ya mavuno. Lakini mara nyingi mboji huwa na fosforasi kidogo, nayo ndiyo maharagwe huihitaji mapema ili kuotesha mizizi na kuweka maua.

Mbolea ya DAP ina fosforasi kwa wingi, asilimia 46, na naitrojeni asilimia 18. Hata hivyo, katika udongo uliokauka haiyeyuki, na pesa zako hulala bure. Ikiandamana na mboji, hupata unyevu wa kuifikisha mizizini.

Usizidishe naitrojeni. Maharagwe hujitengenezea yake kwa vinundu vya mizizini. Ukiyashibisha, vinundu huzembea, majani hustawi na maganda huwa machache.

Namna ya kufanya

Anza Julai, baada ya kuvuna. Chimba shimo, kwani juani mboji hukauka upesi. Panga mabua yaliyokatwakatwa, majani mabichi, samadi na jivu kidogo, ukinyunyizia maji yaliyooshea vyombo. Funika, kisha geuza kila baada ya wiki tatu. Kufikia Oktoba itakuwa nyeusi na yenye harufu ya udongo.

Chora mifereji, ukiacha sentimita 45 kati yake. Weka konzi mbili za mboji kila hatua, na kifuniko kimoja cha soda cha DAP kwa kila hatua mbili ndefu. Hiyo ni kama nusu mfuko wa kilo 50 kwa ekari. Changanya na udongo kabla ya kupanda, kwa sababu mbolea ikigusa mbegu huichoma.

Chagua mbegu zinazokomaa haraka, kama KAT B1 au KAT B9 za kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos. Huwa tayari kwa miezi miwili hivi, kabla mvua haijakatika.

Usikope kwa pupa

Mwaka 2023 serikali ilishusha bei ya mbolea ya ruzuku hadi Sh2,500 kwa mfuko. Hata hivyo, mvua ikikosa, mwenye deni hulia mara mbili. Mboji yako haidaiwi na mtu, na iliyobaki udongoni itafaa msimu ujao.

Kwa hivyo, mama, usiamini maneno matupu, hata haya yetu. Msimu huu tenga vipande vitatu vilivyo sawa: kimoja cha mboji, kimoja cha mbolea ya dukani na kimoja cha zote mbili. Wakati wa kupura, pima kila kipande kwa gorogoro. Ubishi wa nyumbani utaamuliwa hapo, mbele ya baba na watoto.