Kofia ya viua: tundu linalodumu

Simama Ijumaa mchana nje ya msikiti wowote wa Temeke, Magomeni au Mbagala jijini Dar es Salaam, utazame vichwa vinavyotoka. Kofia nyingi zimedariziwa kwa mashine, na Kariakoo utaipata ya rangi uitakayo. Lakini hapa na pale, kichwani mwa mzee au mjukuu aliyemrithi, utaiona moja nyeupe iliyoanza kugeuka rangi ya maziwa, imejaa vitundu vidogo mithili ya punje za ulezi. Hiyo ni kofia ya viua, kazi ya sindano na mkono mtupu.

Je, wajua kwamba siri ya kudumu kwake imo kwenye hivyo vitundu?

Kiua ni ua dogo, na ndilo jina la kitundu chenyewe. Mdarizi huchora nakshi kwa penseli juu ya kitambaa cheupe cha pamba, kisha hutoboa kwa ncha bila kukata. Nyuzi za kitambaa husogea pembeni, zikabanana kuzunguka tundu. Hapo huzungusha uzi kwa mshono uleule wa tundu la kifungo cha shati, ambapo kila shono hukamata lililotangulia. Kitambaa huchanika kwa urahisi pale penye kona au mkato, kwa kuwa nguvu ya mvuto hukusanyika mahali pamoja. Kwenye mviringo nguvu hiyo husambaa. Ndiyo maana hata madirisha ya ndege hayana kona kali. Kiua kilichoshonwa vizuri huwa kigumu kuliko kitambaa kinachokizunguka, na ukiikagua kofia kuukuu utakuta ukingo unaogusa paji la uso umechakaa hali viua vingali vizima.

Kofia yenyewe ina vipande viwili: duara la juu na ukanda wa pembeni. Kazi ya mkono huchukua wiki nyingi, mara nyingine miezi, maana mdarizi huishika akishamaliza shughuli nyingine za nyumbani. Haishangazi basi kwamba mwenyewe akiondoka duniani, kofia haitupwi.

Viua vina kazi nyingine. Dar es Salaam joto lake ni la unyevu, na jasho la kichwani halikauki upesi. Pamba safi, katika hewa ya kawaida, hubeba unyevu wa takribani asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta haifikishi hata asilimia 1. Pamba hunywa jasho, viua huruhusu hewa ya moto itoke, na kichwa hupoa. Kofia ya poliesta inaweza kung'aa dukani, lakini saa saba mchana kwenye foleni ya Mbagala utaijua.

Jina jingine la kofia nyeupe iliyodariziwa ni baragashia, neno linalohusishwa na Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Alimrithi ndugu yake Majid, yule aliyeanzisha mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Kofia na mji, kwa hiyo, ni watu wa ukoo mmoja. Ng'ambo ya bahari, Oman, jamaa wa kofia hii huitwa kumma, nayo huvaliwa kila siku. Na huku kwetu, picha za Mwalimu Nyerere wa enzi za TANU humwonyesha mara kwa mara akiwa na kofia iliyodariziwa.

Sasa, ukirithi kofia kama hiyo, uifanyeje? Wengi huifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuizika chini ya sanduku. Huko unyevu hunaswa, ukungu ukaota, na madoa ya jasho la zamani yakageuka manjano. Adui mwingine ni mende. Pamba yenyewe haimvutii sana. Anachokitafuta ni kanji iliyotiwa ili kofia isimame. Kwa hiyo kofia ya kuhifadhiwa muda mrefu ioshwe hadi kanji yote itoke, ikauke kabisa, ifungwe kwa kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa.

Kuifua hakuidhuru. Uzi wa pamba una tabia ya ajabu: ukilowa huwa na nguvu zaidi kuliko ukiwa mkavu. Kinachouua ni kusuguliwa kwa nguvu na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, ambayo hukata nyuzi kidogo kidogo bila wewe kuona. Loweka kwenye maji na sabuni laini, kamua kwa kubana bila kusokota, kisha vika kwenye faruma, kile kigogo cha kunyooshea kofia. Kama faruma haipo nyumbani, bakuli la kipimo chake lililopinduliwa linatosha. Ianike kivulini.

Kisha ivae. Kofia inayovaliwa hukaguliwa. Iliyofungiwa huja kuonekana siku imeshaharibika. Ukiona uzi wa kiua kimoja umelegea, mtafute anayejua sindano wiki hiyohiyo, kabla jirani zake hawajafuata. Na mtu asikushauri kuziba. Kwenye kofia ya viua tundu halizibwi, linazungushiwa uzi.