Usilisugue Jina la Mwenye Kalamu

Kwa wakusanyaji wengi wa Ulaya na Marekani, kalamu ya wino ya zamani ikiwa imechorwa jina la mtu asiye mashuhuri hushuka bei. Wapo wanaolisugua jina hilo hadi lifutike, kalamu ikauzwa kana kwamba haikuwahi kuwa na mwenyewe. Mombasa kanuni hiyo haitufai, na nawaomba masonara na wauzaji wa vitu vya kale wasiifuate. Kalamu ya fedha inayotoka kwenye kabati la nyumba ya Kibokoni au Ndia Kuu mara nyingi ilikuwa zawadi ya kustaafu, ya arusi au ya kuhitimu masomo. Nibu, kifuniko na mwili wake ni kazi ya kiwanda cha mbali, na nyingine za aina hiyo zimetapakaa duniani. Kilicho cha Mombasa pale ni jina.

Kisiwa hiki ni cha watu wa kuandika. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki 1890, alizikusanya tungo za mshairi Muyaka bin Haji na kuziandika kwa hati za Kiarabu. Nakala zake zilipitia kwa mmisionari W. E. Taylor hadi chuo cha SOAS, London, na mwaka 1940 zikatoka kwa chapa katika Diwani ya Muyaka. Katika miaka ya 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa magazeti ya Sahifa na kisha Al-Islah. Sir Mbarak Ali Hinawy, Liwali wa Pwani, naye alikuwa mkusanyaji wa miswada. Wakati Lewis Waterman alipopata hataza ya kalamu yake mjini New York mwaka 1884, Mwalimu Sikujua alikuwa bado hai, na kalamu ya mwanzi iliyochongwa kwa kisu ndiyo iliyokuwa ikichovywa kidauni. Karatasi za watu hawa zilithaminiwa, zikatunzwa. Vyombo vya kuandikia havikupewa heshima hiyo, na mimi naona ni hasara.

Tuseme umeletewa kalamu yenye nakshi. Shika kioo cha kukuzia na uitazame kwa mwanga wa pembeni. Mkono wa sonara huacha mfereji wenye umbo la V, kuta zake zinang'aa, na upana wake hubadilika pale mkono ulipokaza na ulipolegea. Mashine ya kuchorea huacha mstari wa upana mmoja mwanzo hadi mwisho. Leza huacha sakafu iliyoparuza. Ukiiona kwenye kalamu ya miaka ya 1930, jua jina limetiwa juzi. Halafu tafuta alama za madini. 925 ni sehemu za fedha halisi katika 1,000, na kwenye vitu vya Uingereza utamkuta simba anayetembea. Kwenye nibu, 585 ni dhahabu ya karati 14, na 750 ni ya karati 18. Dhahabu ni laini, kwa hiyo nchani hutiwa chembe ya madini magumu, na ni chembe hiyo inayogusa karatasi.

Chembe hiyo hulika taratibu kwa pembe ya mkono wa mwenyewe. Aliyeandika kwa hati za Kiarabu kwa mkono wa kulia alikuwa akiisukuma nibu kwenda kushoto. Aliyeandika kwa herufi za Kirumi aliivuta kwenda kulia. Ndiyo maana sishauri nibu kuukuu ipigwe msasa ili iteleze vizuri mkononi mwa mnunuzi mpya. Ukifanya hivyo umefuta mwandiko.

Hewa ya bahari ndiyo inayotutesa zaidi. Fedha hupigwa weusi na salfa, na unyevu huharakisha. Wengi hawajui kwamba salfa hiyo hutoka pia ndani ya sanduku lao: eboniti, ambayo kalamu nyingi za zamani zilitengenezwa kwayo, ni mpira uliogandishwa kwa salfa, na huitoa polepole, hasa ikipata joto na mwanga. Basi usilaze kalamu ya fedha pamoja na ya eboniti, wala usiifunge kwa mpira wa bendi. Kabla ya kuihifadhi, toa wino wote kwa maji baridi. Maji ya moto hugeuza eboniti nyeusi kuwa ya kahawia, na rangi yake hairudi.

Magadi, majivu na dawa ya meno viache. Husaga fedha, na kila ukisugua mchoro unazidi kupungua kina. Weusi uliotulia ndani ya mifereji ndio unaofanya nakshi isomeke; kitambaa laini cha pamba kikavu chatosha.

Mwaka 1965 kampuni ya Parker ilitengeneza kalamu 4,821 za Parker 75 kwa fedha ya sarafu zilizoopolewa kutoka merikebu za Wahispania zilizozama Florida mwaka 1715. Leo hutafutwa kwa bei kubwa. Ni nzuri, lakini sarafu zile ziliyeyushwa na historia yake ikayeyuka nazo. Merikebu ya Wareno, Santo Antonio de Tanna, ilizama chini ya Ngome ya Yesu mwaka 1697. Ilipochimbuliwa kuanzia 1977, vitu vyake viliandikwa kimoja kimoja na vingine vimo katika makumbusho ya ngome hiyo. Mkusanyaji wa Mombasa na afuate mfano huu wa pili.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inaitaja milango iliyochongwa kabla ya 1946 miongoni mwa vitu vya kulindwa. Kalamu iliyomo kabatini nyuma ya mlango huo inategemea jamaa wa nyumba. Ikiwa unayo, muulize mama au babu leo ilikuwa ya nani, nani alimpa na kwa sababu gani. Andika majibu kwenye kadi, kwa penseli kwa kuwa wino huvuja kwenye unyevu, na uiweke pamoja na kalamu.