Mtaa Wenye Watoto Wengi na Milango Iliyofungwa

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unafifia.)

 

Ukiwa na ndugu aliyehamia Uingereza, huenda umewahi kumsikia akisema kwenye simu: "Huku mtaani kwetu watoto ni wengi sana, lakini sina jirani." Maneno hayo yanashangaza. Kwetu sisi, penye watoto wengi hapakosi majirani. Watoto huingia nyumba hii na kutoka ile, na wazazi hujuana kwa sababu yao. Inakuwaje basi mtaa ujae watoto halafu mama akae peke yake? Leo tutakueleza, maana anayelijua jambo hili kabla ya safari haumii sana akifika.

Tuchukue mtaa mmoja. Unaitwa Becontree, uko mashariki mwa London, katika wilaya ya Barking na Dagenham. Ukitoka katikati ya jiji kwa treni ya chini ya ardhi, safari haifiki saa moja. Usifikirie maghorofa marefu ya kwenye picha. Hizi ni nyumba za matofali zenye ghorofa moja juu, zimeshikana safu kwa safu. Kila moja ina mlango wake, bustani ndogo mbele na nyingine nyuma.

Serikali ya jiji ilijenga nyumba hizo kati ya mwaka 1921 na 1935. Zilikuwa zaidi ya 25,000, na wakati ule ulihesabiwa kuwa mtaa mkubwa kuliko yote ya nyumba za umma duniani. Shabaha ilikuwa kuwatoa watu katika vyumba vibovu walimobanana na kuwapa mahali pa kulelea watoto. Waliohamia walikuwa Waingereza wenyewe, wengi wao wazazi vijana. Walifurahia maji ya bomba, choo chao na bustani. Hata hivyo, wengi walilalamika kuwa wapweke. Kule walikotoka, majirani walikaa mlangoni wakipiga soga, lakini hapa kila familia ilikuwa nyuma ya mlango wake. Kwa hiyo, msikilizaji, ukisikia upweke katika mtaa kama huu, wewe si wa kwanza. Karibu miaka 100 iliyopita, wenyeji wenyewe waliusikia.

Watoto wa wakati ule walikua, wakazeeka, na mtaa ukazeeka nao. Kisha sheria ya mwaka 1980 ikawapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua. Nyumba nyingi zilinunuliwa, na baadaye nyingine zikauzwa tena au zikapangishwa. Kwa kuwa bei zilikuwa chini kuliko sehemu nyingi za London, familia changa zilifuata huko, kutoka ndani ya jiji na kutoka nchi kama Nigeria, Ghana, Bangladesh, Pakistani, Romania na Lithuania. Mwaka 2011 wilaya hiyo ilikuwa na watu wapatao 185,900. Mwaka 2021 walifika kama 218,900. Sensa ya mwaka huo ilionyesha pia kwamba hakuna wilaya katika England na Wales iliyokuwa na watoto wengi zaidi kulingana na idadi ya watu wake. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa mtoto.

Sasa, watoto hao wako wapi?

Ukipita barabarani saa tano asubuhi, utaona magari yameegeshwa, mapipa ya taka yenye magurudumu na labda paka mmoja. Lakini pita saa tatu kasoro robo asubuhi: njia yote imejaa sare za shule, mikoba na akina mama wanaosukuma vigari vya watoto wachanga. Pita tena saa tisa na robo alasiri, utawakuta wanarudi. Baada ya hapo milango inafungwa.

Wanaofunga hawana chuki. Ziko sababu, na ni vizuri kuzijua moja moja.

Ya kwanza ni hali ya hewa. Mwezi Desemba jua la London linazama kabla ya saa kumi jioni, na baridi ni kali. Mwezi Juni mambo yanageuka: jua linazama baada ya saa tatu usiku, na hapo utaona watoto wakicheza mpira katika viwanja vya wazi kama Parsloes Park. Aliyefika Novemba asihukumu mtaa kabla ya kuuona Juni.

Ya pili ni kazi. Kodi ya nyumba ni kubwa, na juu yake kuna kodi ya halmashauri, umeme na gesi. Wazazi wengi hufanya kazi kwa zamu: mmoja anatoka usiku, mwingine anarudi asubuhi. Jirani ambaye humwoni mchana huenda amelala baada ya kufanya usafi au kuhudumia wazee usiku kucha. Ndiyo maana pia ndugu yako hapokei simu kila unapompigia.

Ya tatu ni sheria na desturi ya kulea. Kwetu, mtoto wa miaka minane anaweza kuachiwa wadogo zake, na jirani akawatupia jicho. Kule, sheria haitaji umri, lakini kumwacha mtoto peke yake mahali anapoweza kudhurika ni kosa, na ushauri unaotolewa ni kwamba walio chini ya miaka 12 wasiachwe peke yao kwa muda mrefu. Walimu hawaruhusiwi kabisa kumpiga mwanafunzi. Mzazi akimpiga mtoto hadi abaki na alama, anaweza kushtakiwa, na mwalimu atakayeiona alama hiyo anatakiwa kutoa taarifa. Mama, baba, tafadhali lijue hili kabla ya kuondoka. Familia inaweza kuingia matatani kwa jambo ambalo nyumbani liliitwa malezi.

Shule nayo haichezewi. Mtoto akikosa siku tano bila ruhusa, kila mzazi anaweza kutozwa faini ya pauni 80 kwa kila mtoto. Zikipita siku 21 hujalipa, inakuwa pauni 160. Lakini shule hiyohiyo inatoa: tangu Septemba 2023, watoto wote wa shule za msingi za umma jijini London hupata chakula cha mchana bila malipo.

(Muziki mfupi.)

Basi jirani anapatikana wapi? Anapatikana pale geti la shule. Kule huwezi kupiga hodi ukaingia. Watu huagana kwanza siku na saa. Lakini getini wazazi wote husimama pamoja kwa dakika kumi, mara mbili kwa siku, wakisubiri. Tuseme wewe ni mama wa watoto watatu na Kiingereza chako bado ni cha salamu. Salamu inatosha kuanzia. Msalimie yuleyule kila siku. Wiki ya kwanza atatabasamu. Wiki ya tatu atakuuliza jina la mtoto wako. Siku moja atakualika kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe. Nenda. Mahali pengine ni maktaba ya umma, ambako kuingia ni bure na mara nyingi kuna saa ya nyimbo na hadithi kwa watoto wadogo. Tena kanisani, msikitini na darasa la Kiingereza.

Hatutakuficha kwamba si kila mtu alipenda mabadiliko. Mwaka 2006 chama kilichopinga wahamiaji kilishinda viti 12 katika halmashauri ya Barking na Dagenham. Mwaka 2010 wapiga kura walikinyang'anya vyote. Unaweza kukutana na jirani mzee anayeona mtaa wake umembadilikia. Mwamkie naye. Zingatia siku ya kutoa taka, na usipige muziki kwa sauti kubwa kati ya saa tano usiku na saa moja asubuhi. Ugomvi mwingi wa majirani huanzia hapo.

Neno moja la mwisho, juu ya watoto wenyewe. Watajua Kiingereza kabla yako. Usimfanye binti yako wa miaka kumi mkalimani wako hospitalini. Omba mkalimani, ni haki yako na hulipi. Nyumbani endelea kusema naye Kiswahili, Kibembe au Kirundi, ili siku akiwa na shida moyoni awe na lugha ya kukueleza.

Serikali ndiyo itakayokupangia mji, na huenda usiwe London kabisa. Tangu 2004, familia za Wakongo zimepelekwa miji kama Sheffield, Hull, Bolton na Norwich. Mtaa utakuwa mwingine, lakini geti la shule litakuwepo. Na ndugu yako aliyekwisha fika, ukimpigia wiki hii, usimuulize tu kama ametuma kitu. Muulize kama amepata jirani.



(Muziki wa kufunga.)