Unataka Kuchonga Viko vya Kuuza? Anza na Tundu, Sura Baadaye

Mjasiriamali, kama una msumeno, tupa, msasa, jiriwa na drili, tayari unaweza kuanza kujifunza kuchonga viko vya mbao. Mtaji wake sio mkubwa. Ila usikimbilie sura. Mteja anaweza kukipenda kiko kwenye picha, akikiwasha moshi haupiti, na hapo anadai hela yake. Kiko ni kifaa kwanza, pambo baadaye.

MTI
Viko vingi vya mbao duniani huchongwa kwa briar, uvimbe unaoota kwenye shina la kichaka cha ukanda wa Mediterania, karibu na mizizi. Unapendwa kwa sababu unastahimili moto. Huku Dodoma, kwa kujifunzia tafuta mti mgumu wa matunda kama mpera au mkwaju, matawi yaliyopunguzwa shambani. Ukitaka mti wa msituni, pata kwanza kibali cha TFS.

Mbao zenye dawa, rangi au utomvu mwingi kama msonobari, achana nazo. Kikipata moto, mvutaji anavuta vyote hivyo. Mpingo nao unavutia, mzito hadi unazama majini, lakini vumbi lake huwaletea watu mzio wa ngozi na kifua. Tena tangu 2017 umo kwenye orodha ya CITES, kwa hiyo waulize TFS kabla ya kutuma chochote nje.

KUKAUSHA
Kiangazi cha Dodoma, Mei hadi Novemba, kina upepo mkavu unaopasua mti mbichi haraka. Paka nta kwenye ncha zote mbili, weka kivulini, sio juani. Kila wiki pima kipande kwa mizani ya jikoni na uandike. Uzito ukiacha kupungua, mti uko tayari.

TUNDU
Siri iko hapa: toboa wakati kipande bado ni mraba, kabla hujachonga umbo. Kipande cha mraba kinakaa vizuri kwenye jiriwa, cha duara kinateleza. Chora mistari kwa penseli ubavuni, kisha:

1. Njia ya moshi: biti ya milimita 4.
2. Shimo la tumbaku: upana kama milimita 19 au 20, kina kama milimita 35.
3. Njia ya moshi itokee chini kabisa katikati ya shimo. Ikitokea juu, tumbaku ya chini inabaki mbichi na yenye maji.
4. Chini ya shimo acha mbao isiyopungua milimita 8, pembeni 6. Ikiwa nyembamba, moto utatoboa.

Ukimaliza, pitisha waya laini kuanzia mdomoni. Usipofika kwenye shimo, usikiuze. Nje paka nta ya nyuki kidogo. Ndani usipake vanishi hata tone.

Mdomo unaweza kuanza na mwanzi. Usiubane mno: kiko kilichokaa sawa Dodoma kinaweza kuvimba kikifika Dar au Zanzibar kwenye unyevu, mdomo ukagoma kutoka.

Kwamba ndani ndiko kwenye thamani, Arusha walilijua zamani. Miaka ya 1960, Tanganyika Meerschaum Corporation ilitengeneza viko vya jiwe jeupe la meerschaum, na vingine vya mbao vilivyowekewa jiwe hilo ndani kuzuia moto. Viliuzwa nje kwa jina la Kiswahili tu, Kiko, na alama ya tembo.

BEI
Tuseme mti ni 3,000, mdomo 2,000, msasa na nta 1,000. Umefanya kazi saa 6, kila saa 2,000. Jumla 18,000. Sasa katika viko vinne, kimoja kimepasuka. Vinne vimekugharimu 72,000, vya kuuza ni vitatu, kwa hiyo kila kimoja kinabeba 24,000. Ongeza boksi 2,000, unapata 26,000 kabla ya faida. Ukiuza 20,000 ukijisifu una wateja, unamlipa mteja akuchukulie mzigo.

WAPI UUZE
Hapa usipuuze. Sera za Meta haziruhusu kuuza wala kutangaza tumbaku na vifaa vyake, viko vikiwemo. Hii inagusa Facebook, Instagram na hata katalogi ya WhatsApp Business. Ukaunti uliyojenga miaka mitatu ukiuza vitenge inaweza kufungwa kwa sababu ya kiko kimoja. Usijaribu kukificha kwa kukiita "pambo la mezani". Viko viuze ana kwa ana: maduka ya sanaa, maonyesho, oda za watu unaowajua, watu wazima tu. Na mteja akikuuliza kuhusu afya, usimdanganye: tumbaku ina madhara, hata kwenye kiko kizuri.

Mtandaoni weka vitu vingine vinavyotoka kwenye mkono huohuo: miiko, vishikio vya funguo, vikasha vya chumvi. Aliyejua kukausha mti, kutoboa bila kupinda na kung'arisha kwa nta, kazi hizo hazimshindi.

Wiki hii usichonge. Tafuta kipande kimoja cha mpera, kipake nta kwenye ncha, andika uzito wake leo. Jumapili ijayo kipime tena.